Maji ya Mvua na Majitaka: Somo la Njia Mbili

Katika masomo ya sayansi ya skuli za msingi hapana linaloonekana jepesi kuliko somo la maji, na hapana linalomalizwa kwa haraka zaidi. Mwalimu huchora ubaoni jua, bahari, wingu na mvua, akaviunganisha kwa mishale. Wanafunzi wakanakili, kengele ikalia, na kipindi kikawa kimekwisha. Picha hiyo si ya uongo, ila ina kasoro moja kubwa: haina watu. Mvua yake hunyesha juu ya mlima usiokuwa na nyumba, maji hushuka katika mto usiokuwa na kisima kando yake, na hurejea katika bahari ambayo hapana mtu anayeokota chaza ndani yake. Hamna bati, hamna ua, hamna choo. Mtoto akiisoma picha ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka, atajua kuwa maji huzunguka, lakini hatajua kuwa katika kuzunguka huko hupita mlangoni kwao.

Tumepata kusimamia mazoezi ya kufundisha katika skuli za kusini ya Pemba, na mahali tulipojifunza zaidi juu ya somo hili ni Chokocho, kijiji cha Wilaya ya Mkoani kilicho ukingoni mwa bahari, ambako watu hupanda vyombo kwenda Kisiwa Panza. Chokocho si mji. Hapana bomba la chini ya ardhi linalokusanya majitaka ya nyumba zote na kuyapeleka mahali pamoja. Kwa hiyo mwalimu mwanafunzi mmoja alituuliza, na swali lake lilikuwa la haki: "Natakiwa nifundishe mifumo ya kuondolea maji. Nitaifundishaje mahali ambapo hapana mfumo?"

Makala haya ni jawabu ya swali hilo. Kwa ufupi, jawabu yetu ni kwamba mfumo upo. Kila mahali wanapokaa watu na kunakonyesha mvua pana njia mbili za maji, zijengwe kwa saruji au zisijengwe. Kazi ya mwalimu ni kumfanya mtoto azione njia zote mbili, azitenganishe akilini mwake, kisha atafute ni wapi zinapokutana.

TOFAUTI YA MAJI MAWILI

Maji ya mvua huanza yakiwa safi, au karibu ya kuwa safi. Uchafu wake huupata njiani: vumbi la bati, majani, kinyesi cha kuku na mbuzi, udongo wa uani, mafuta yaliyomwagika barabarani. Tabia yake ya pili ni kuwa huja kwa ghafla na kwa wingi, kisha hutoweka. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, hujaa kila mahali. Miezi mingine njia zake huwa kavu hata watoto huzichezea. Maji ya namna hii huhitaji njia pana iliyo wazi, na ardhi ya kuzama. Katika miji njia hiyo huwa mtaro. Chokocho huwa ni mfuo uliochimbwa na maji yenyewe.

Majitaka, kinyume chake, huanza yakiwa machafu. Hutoka chooni, bafuni, jikoni na penye kufulia. Hayaji kwa ghafla. Huja kidogo kidogo, kila siku, masika na kiangazi. Tena hubeba kitu ambacho mvua haikuondoka nacho mawinguni, nacho ni vijidudu vya maradhi kutoka katika matumbo ya watu: vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu, na mayai ya minyoo. Maji haya huhitaji njia iliyofunikwa, na huhitaji muda wa kukaa mahali ili vijidudu vife kabla hayajaachiwa huru. Katika baadhi ya miji hupelekwa kwa mabomba hadi kwenye mabwawa ya kuyasafishia. Kijijini kazi hiyo hufanywa na shimo la choo au karo, na udongo ulio chini yake. Tuwaambie wanafunzi wazi kwamba karo la nyumbani kwao ndilo bomba lao na ndilo bwawa lao. Likikaa vizuri, kijiji kina mfumo. Likikaa vibaya, kijiji kina hatari.

Hii ndiyo tofauti inayopasa kuandikwa ubaoni: maji ya mvua ni mengi, ya ghafla, na uchafu wake ni wa njiani, majitaka ni machache, ya kila siku, na uchafu wake ni wa chimbuko.

HESABU YA BATI NA NDOO

Wanafunzi wa darasa la tano wanaweza kuupima wingi huo wao wenyewe, na hapa somo la sayansi hushikana mkono na somo la hesabu. Kanuni ni moja tu: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 hutoa lita 1 ya maji.

Tuchukue nyumba yenye bati la urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Eneo lake ni mita mraba 60. Ikinyesha mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika si jambo la ajabu, bati hilo pekee litamwaga lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Sasa tuwaulize wanafunzi: kwenu huchotwa ndoo ngapi kwa siku? Tukadirie ndoo 10, yaani lita 200. Basi mvua moja iliyoanguka juu ya bati moja ni sawa na maji ya siku sita ya nyumba nzima, nayo huja kwa saa moja au mbili. Na hapo hatujahesabu maji yaliyoanguka uani, njiani na juu ya paa la jirani.

Tumeona nyuso za watoto zikibadilika wanapolifikia jibu hilo. Ghafla huelewa, bila ya kuambiwa, kwa nini haifai kuyapeleka maji yote mawili katika shimo moja. Shimo lililochimbwa kwa ndoo 10 za kila siku haliwezi kupokea ndoo 60 za saa moja. Litafurika, na litakapofurika litatoa yale yaliyokuwamo kwanza.

YANAPOCHANGANYIKA

Jambo hili si la vijijini peke yake. Unguja, katika Mji Mkongwe, mabomba ya zamani huchukua maji ya mvua na majitaka pamoja na kuyamwaga baharini bila ya kuyasafisha. Nje ya Mji Mkongwe nyumba nyingi hutegemea makaro, na penye mabonde makaro hayo hujaa mvua inaponyesha.

Mwalimu akipenda kwenda mbali zaidi, ataje London. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu katika mtaa mmoja wa mji huo kilikuwa kikitoka katika pampu moja ya maji. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka kiasi cha kuwatia taabu wabunge, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mabomba makubwa. Mabomba hayo yaliokoa maisha ya watu wengi sana, lakini yalichukua maji yote mawili pamoja, na kila iliponyesha mvua kubwa yakafurika mtoni. Njia ya chini ya ardhi ya urefu wa kilomita 25, iliyokusudiwa kuyapokea mafuriko hayo, ilikamilika kuunganishwa mwaka 2025. Hatulitaji hili ili kuwasifu wala kuwacheka watu wa London. Twalitaja ili mtoto wa Pemba asidhani kwamba tatizo hili ni la aibu ya kwao. Ni tatizo la kila mahali ambapo njia mbili zilifanywa moja.

Zanzibar imelipa gharama yake. Kipindupindu kilizuka mwaka 1978, na tangu hapo kimerejea mara kadhaa. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa Unguja na Pemba katika shehia zilizokuwa zikipatwa zaidi. Mwaka 2015 maradhi yalizuka tena na kuendelea hadi mwaka 2016. Mara nyingi huja pamoja na mvua.

Tulipokuwa tukilieleza hili darasani, msichana mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, nyumbani tunaambiwa mvua ni rehema. Vipi leo tuseme mvua imeleta maradhi?" Darasa lilinyamaza, na mwalimu mwanafunzi akatutazama. Kwa maoni yetu hilo ndilo swali bora zaidi tulilowahi kulisikia katika somo hili, na halipaswi kupitwa haraka haraka. Jawabu iliyotolewa siku ile ni hii: mvua haikuleta maradhi, mvua ilibeba tulichokiweka njiani mwake. Rehema imepita kwetu ikatukuta hatujafagia. Watoto walilikubali jambo hilo mara moja, kwa sababu halikuwataka wachague kati ya wazee wao na mwalimu wao.

KUTOKA UANI HADI MIKOKONI

Baada ya kujua maji yanatoka wapi, wanafunzi wafuate yanakokwenda. Kwa Chokocho safari si ndefu, na vituo vyake vyatosha vinne.

Kituo cha kwanza ni kisima. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba shimo la choo liwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani, lisiwe upande wa juu wa mteremko, na sakafu yake iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Penye mawe ya matumbawe yenye nyufa umbali huo si dhamana, kwani maji hupita katika nyufa bila ya kuchujwa.

Kituo cha pili ni vijito, madimbwi na mabonde ya mpunga. Hapa kuna maradhi ambayo kila mtoto wa Pemba amelisikia jina lake, nayo ni kichocho. Mayai yake hutoka na mkojo wa mgonjwa. Yakifika katika maji yasiyo ya chumvi huangua vijidudu, navyo huingia ndani ya konokono wa majini. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa vijidudu vingine vinavyopenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayecheza humo. Mtoto mmoja anayekojoa kijitoni ni chanzo kidogo cha majitaka, na kidogo hicho chatosha. Dawa zinazogawiwa maskulini zimepunguza maradhi haya sana, lakini dawa haimzuii mtoto kurejea majini.

Kituo cha tatu ni mikoko. Mikoko, michu na mikandaa huyapunguza mwendo maji yanayoshuka, hata udongo ukatua kabla ya kufika baharini. Ndiyo sababu mahali palipokatwa mikoko bahari huwa na tope zaidi baada ya mvua. Lakini mikoko si choo. Kombe na chaza hula kwa kuyachuja maji, na vijidudu vilivyomo majini hubaki ndani yao. Mama anayewaokota na kuwapika nusunusu hupeleka mezani kile kilichotoka chooni.

Kituo cha nne ni bahari yenyewe. Hapa wanafunzi hujifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalifikirii: hata maji safi ya mvua yaweza kudhuru. Mwani, ambao kilimo chake Zanzibar kilianza mwaka 1989 na ambao kwa sehemu kubwa hutoka Pemba, hutaka maji ya chumvi. Mvua kubwa ikishuka kwa pamoja hupunguza chumvi ufukweni, na mwani hudhoofika. Udongo ulioshuka nayo hufunika matumbawe. Majitaka nayo hudhuru kwa njia nyingine, kwa kuwa huotesha magugu ya baharini kupita kiasi. Kwa hiyo dawa ya maji ya mvua ni kuyapunguza kasi na kuyazamisha. Dawa ya majitaka ni kuyafungia. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini dawa ni mbili na si moja, huyo amelifahamu somo.

HATUA ZA SOMO

Tunapendekeza vipindi vitano, kwa utaratibu huu:

(a) Ramani. Wanafunzi wachore uwanja wa skuli: mabati, vyoo, kisima, mahali pa kunawia, na upande ardhi inakoteremkia. Njia ya mvua ichorwe kwa mstari mzima, na ya majitaka kwa mstari wa nukta. Kalamu za rangi hazihitajiki.

(b) Kutazama. Siku ya mvua darasa lisimame barazani litazame maji yanakokwenda. Radi ikipiga, warudi ndani. Kesho yake wafuate alama zilizobaki mchangani, na wasahihishe ramani.

(c) Sinia la mchanga. Sinia liinamishwe upande mmoja, na mchanga mbichi ulioshindiliwa ujazwe nusu. Kopo liwe nyumba, na bakuli chini ya sinia liwe bahari. Kijiko cha unga wa manjano kifukiwe kidogo mahali pa bondeni, kiwe ni choo. Maji yamwagwe kwa kopo lenye matundu. Bakuli litageuka rangi. Kisha jaribio lirejewe: manjano yafukiwe mahali palipoinuka, na tuta dogo lijengwe upande wa juu ili kuyageuza maji. Wanafunzi walinganishe mabakuli mawili.

(d) Chupa tatu. Ya kwanza iwe na maji ya bati, ya pili maji yaliyopita uani, ya tatu maji ya mfereji yaliyotiwa chumvi na mwalimu mapema. Wanafunzi wazipange kwa usafi kwa kutazama tu. Wengi wataisifu ya tatu. Hapo mwalimu awaambie kilichomo, na awaulize: jicho limewafaa nini? Maji ya chooni yasichukuliwe kwa jaribio lolote, na baada ya kazi kila mtoto anawe mikono kwa sabuni.

(e) Maswali matatu. Kila mwanafunzi achague maji aliyoyaona kwao na aandike: Yametoka wapi? Yamebeba nini njiani? Yanakwenda kwa nani? Swali la tatu lisibadilishwe kuwa "wapi". Tunataka mtoto amfikirie jirani wa chini ya mteremko.

TAHADHARI

Kwanza, lugha. Vitabu vingine vilivyoandikwa Bara huita mtaro "mfereji". Kwetu mfereji ni pale tunapokinga maji ya kunywa. Mwalimu asipolisahihisha hilo mapema, mtoto atasoma kwamba mfereji hubeba uchafu, na atabaki na mkanganyiko.

Pili, elimu aliyokwisha kuja nayo mtoto. Wengi wa wanafunzi wetu wamejifunza chuoni kwamba maji si namna moja: yako mutlaki, yako mustaamali, yako yaliyonajisika. Basi wamezoea kuuliza maji yamepita wapi kabla ya kuyatumia, na mwalimu aanzie hapo. Hukumu za tohara tuwaachie walimu wa chuo. Sisi tuongeze tu kwamba vijidudu havina rangi wala harufu.

Tatu, stara. Choo ni siri ya nyumba. Mwanafunzi asitumwe kukagua vyoo vya majirani, wala ramani ya nyumba ya mtoto isibandikwe ukutani. Kama darasa litatoka nje ya skuli, sheha na wazazi waarifiwe kwanza.

Tahadhari ya nne ni nzito zaidi. Katika skuli moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, vyoo vilikuwa juu ya mteremko na kisima chini yake, hatua chache tu. Wanafunzi walipochora ramani, mistari yao ya nukta ilishuka moja kwa moja hadi kisimani. Mwalimu mwanafunzi alitujia jioni na ramani mkononi. Aliogopa kuonekana amekuja kuwaumbua wenyeji wake, naye bado alikuwa akingojea alama za mazoezi yake. Akauliza kama aifute.

Tulimwambia asiifute, ila asiibandike. Asubuhi tulikwenda pamoja kwa mwalimu mkuu, mlango ukafungwa, na ramani ikawekwa mezani bila ya maneno mengi. Mwalimu mkuu aliitazama kwa muda mrefu. Siku zile zile maji ya kisima kile yakazuiwa kunywewa, yakabaki ya kumwagilia, na ya kunywa yakawa yanachukuliwa mbali zaidi. Watoto hawakufurahia mzigo huo, na baadhi ya wazazi walinung'unika. Wanafunzi wakubwa walichimba mfuo upande wa juu wa vyoo ili mvua isipite humo. Choo kipya hakikupatikana muhula ule.

Tunalieleza hili ili mwalimu mwanafunzi ajue tangu mapema kwamba somo hili, likifundishwa sawasawa, laweza kuonyesha jambo ambalo skuli haikutaka kuliona. Ajiandae kwa adabu na kwa ushujaa. Ramani iliyo sahihi ni amana ya watoto mikononi mwake.

Masika huanza mwezi wa Machi. Mwalimu anayekusudia kulifundisha somo hili na awe amekwisha kuutembelea uwanja wake mwezi wa Februari, ardhi ingali kavu, akijua kila mteremko unaelekea kwa nani.